Steringi Hafi

Juzi nilipita Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nikasimama pale lilipokuwa banda letu la video. Sasa kuna ghorofa la maduka ya simu, na ubavuni wametundika bango la picha niliyoiandika mimi: mbeba mizigo kifua wazi, gunia begani, na chini yake maandishi makubwa, Sehemu ya Tano. Nikasonya. Dada aliyekuwa akiuza madera pembeni yangu akadhani namsonya yeye, akanipa yangu, na haki alikuwa nayo.

Wewe hukulijua banda lile, ngoja nikueleze. Lilikuwa uani kwa jirani yetu, mabati juu, magunia madirishani kuzuia jua, mabenchi sita, luninga moja na deki iliyokuwa ikipigwa kofi ndipo icheze. Mlangoni alikaa bibi yangu na karai lake la bagia. Asubuhi nilimwambulia maganda ya kunde mpaka vidole vinakunjamana, na alasiri, nikitoka madrasa, ujira wangu ulikuwa kuingia bure. Mpaka leo nikisikia mafuta yakichacharika najua picha inaanza.

Jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa mtafsiri. Anasimama kando ya luninga na kipaza sauti, anatuambia Mchina kasema nini. Kichina hajui neno, na Kiingereza chake, Mungu amsamehe, kiliishia kwenye salamu. Nani alijali? Adui mkuu alipewa sauti ya mwenye nyumba wetu, mama wa steringi, yule shujaa wa picha, akawa muuza samaki wa Feri, na mkanda uliotuchekesha Jumatatu ulitutoa machozi Alhamisi, maana maneno yalikuwa mengine kabisa. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Steringi hafi. Watoto wa mtaa mzima tulijua hivyo, apigwe, afungwe, atupwe baharini, steringi atarudi tu.

Kisha akafa baba yangu. Alikuwa mbeba mizigo pale sokoni, akipandisha magunia ya viazi kutoka Shimoni, soko la chini ya ardhi, ngazi kwa ngazi, akiita, "Pisha! Pisha!" Siku hiyo alifika juu, akalitua gunia, akakaa kando yake kama anayepumzika, basi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilimwambia bibi kwamba atarudi, si steringi wangu yule? Bibi alinivuta kifuani kwa mikono yake ya unga wa kunde.

Miezi kadhaa baadaye, mchana wenye joto la kufa mtu, deki ikatafuna mkanda picha ikiwa karibu kwisha. Luninga ikabaki nyeupe. Watu wakaanza kuzomea, "Tunataka mwisho wetu!" Jirani akasema kaeni, mwisho naujua. Akauhadithia mbele ya kioo kitupu: steringi ameokoa kijiji, sasa amebaki na gunia moja la chakula cha wanakijiji, na ngazi ndefu ya kupanda. Akazihesabu ngazi zile moja moja. Juu kabisa steringi akalitua gunia, akakaa, akasema, "Mzigo umefika." Akafa.

Jamaa mmoja akafoka, "We mzee, steringi hafi bwana!" Jirani akamjibu taratibu, "Huyu amekufa. Amemaliza kazi yake." Nikageuka, nikamwona bibi mlangoni, bagia zinaungua karaini naye kajifunika uso kwa ukingo wa kanga. Siku ile ndiyo niliyomlilia baba yangu sawasawa. Kesho yake banda lilijaa mpaka nje, watu wakiutaka mwisho ule ule.

Nilipokua nikawa mwandishi wa picha, na picha yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: mbeba mizigo, ngazi, gunia, kifo. Kampuni ikaipenda. Bosi akanikaribisha chai, akanisifu wee, kisha akaniambia, "Ila dada, mwisho tubadilishe. Tukimuua, sehemu ya pili tutampata wapi?" Akanionyesha mabango ya picha za ng'ambo, zile kubwa kubwa, ya saba, ya tisa, mashujaa wale wale na wengine wamefufuliwa. Watu wanamtaka wanayemjua, akasema. Nikapinga siku mbili. Ya tatu nikasaini.

Basi wakamwacha hai. Sehemu ya pili akajifunza karate. Ya tatu akaenda Dubai. Ya nne akapoteza kumbukumbu, na hii ya tano ana pacha wake, jambazi. Kila mara naandika mwisho wa ngazi, kila mara unarudishwa umechorwa mstari mwekundu. Nisikudanganye kwamba wananilazimisha, kalamu ninayo mimi. Na siku hizi naanza kuona wanachokitaka kabla hawajakitaka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Chini ya bango nikamkuta jirani. Amezeeka, ana kimeza cha kompyuta, anawawekea watu picha kwenye flashi. Picha zenyewe zinakuja na tafsiri tayari ndani, yeye hatakiwi kusema neno. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba," akaitikia, akanikazia macho, akanitambua. Akamuulizia bibi, nikamwambia alishatangulia. Akamwombea dua. Kisha akanyanyua kidevu kuelekea bangoni, penye jina langu, akauliza kwa upole, bila kejeli hata kidogo:

"Na baba yako, hajafa tu mpaka leo?"

Nikamwambia bado.

"Mwache atue mzigo, mwanangu. Amechoka."

Nikamwitikia ndiyo, mzee, nikamuaga haraka kabla sijaumbuka kwa machozi mbele za watu. Sikumwambia kilichokuwa mkobani. Bosi alikuwa ananisubiri saa tisa mjini, na kurasa za mwanzo za sehemu ya sita nilikuwa nimeshaziandika: alfajiri, Shimoni, baba yangu yuko ngazi ya kwanza kabisa, gunia begani, anaanza kupanda.