Spidi ya Gemu ya Shangazi

Mara ya kwanza nilipoifungua gemu ile kwenye laptopu yangu, ilikwisha kabla sijaweka vidole sawasawa. Maneno yalishuka kutoka juu ya skrini kama mtu kamwaga mchele, yakagonga chini, ukalia mlio mmoja mrefu, halafu maandishi ya kuniambia nimeshindwa. Nikaifungua tena, nikashindwa tena. Gemu haikuwa na ubovu wowote. Laptopu yangu ndiyo ilikuwa mpya mno.

Baadhi ya watu waliotengeneza gemu za zamani hawakuziwekea saa. Neno lilishuka hatua moja kila kompyuta ilipomaliza kazi yake, na kwa kuwa kompyuta za wakati huo zilikuwa nzito, uzito wao ndio uliokuwa saa. Ukiihamishia gemu ya namna hiyo kwenye mashine ya leo, inakimbia kama kichaa. Dawa yake ni programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Humo kuna namba moja, unaipandisha au unaishusha mpaka mwendo ukae sawa. Hayo nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma mtandaoni, kama nilivyojifundisha kila ninachokijua kuhusu kompyuta. Namba ipi iwekwe, hilo hakuna aliyeliandika popote.

Gemu ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa na steshenari Butimba, karibu na chuo cha ualimu, fremu moja nyembamba ya duka aliyoipanga, akiwachapia wanachuo kazi zao. Kuchapa alijifundisha kwa gemu ile, kwenye kompyuta yake ya kwanza. Maneno yanashuka, wewe unayachapa kabla hayajafika chini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake, nikiamini kwamba anayafuta kwa kuyaangalia tu, kwa maana vidole vyake sikuweza kuvifuata.

Halafu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea. Maneno yalirudi mdomoni baada ya muda, yakija taratibu, lakini mkono ulibaki mzito. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya, akamwambia vidole vifanye kazi kila siku, vikizoea kulala vitalala moja kwa moja. Shangazi aliuweka mpira ule dirishani, nyumbani kwake Igogo, ukakaa hapo. Fremu ilikuwa imefungwa. Mama mwenye fremu alikuwa mstaarabu, lakini watu wa kuitaka walikuwepo, na kila akipiga simu aliuliza kwa upole ule ule: anarudi au harudi?

Siku moja nikaenda na laptopu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na huo mzigo?"

"Unaikumbuka ile gemu ya maneno? Niliikuta kwenye disketi zako. Ninayo."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ile? Nilikuwa naimaliza ile, mpaka yenyewe inachoka." Akayatafuta maneno. "Sikiliza. Niletee ile ile, siyo ya kitoto. Nikipita levo ya kwanza kwa mikono miwili, narudi kazini. Nisipopita, yule mama ampe mtu fremu yake. Nimechoka kuulizwa."

"Nitakuletea ile ile."

"Ukinidanganya nitajua."

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno tu. Mimi nikituma ujumbe nausoma na kuusoma, mpaka jibu linafika nami bado nasoma nilichoandika. Sijawahi kumaliza kitu nikaamini kimekwisha. Nikiambiwa "ile ile" silali. Na safari hii niliona wazi kwamba mkono wa shangazi, na kazi yake, na yeye mwenyewe asubuhi akifungua lile geti la chuma la fremu, vyote vimening'inia kwenye namba yangu.

Nilimfuata fundi mmoja Igoma ambaye aliinunua ile kompyuta ya kwanza ya shangazi ilipokufa. Nikamuuliza ilikuwa ya aina gani.

"Ile niliichambua," alisema. "Ilishakuwa mashine tatu, na hizo tatu nazo zimekufa."

"Ilikuwa na spidi gani?"

"Spidi ya zamani, bwana mdogo."

Nikauliza kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wanaopenda gemu za zamani. Kila mtu alinipa namba yake. Mmoja alinijibu kwamba spidi sahihi haipo, ipo spidi ya mashine fulani tu. Nilimchukia mtu yule nisiyemjua, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Basi nikawa naenda Igogo na namba mpya, shangazi anaangalia maneno yakishuka, hata kibodi haigusi.

"Hii inakimbia kama imeiba."

Nikashusha.

"Hii nayo imekula ugali ikalala."

Binamu yangu, binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumvalisha, alisimama mlangoni na beseni la nguo. "Wewe umekuja kumtibu mama au kompyuta?"

"Vyote viwili."

"Naona kompyuta itapona."

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniingia. Wiki zilikuwa zinapita na mpira uko pale pale dirishani. Ningeweza kumwambia acheze na mwendo wowote, vidole vipate kazi. Sikumwambia. Nilisubiri mpaka iwe sawa.

Mwishowe shangazi mwenyewe akanipa kipimo. Alikumbuka kwamba alikuwa akicheza huku anaimba wimbo wa kwaya, ule waliouimba Pasaka. Alifanya mambo mawili kwa pamoja, mazoezi ya wimbo na mazoezi ya vidole. Levo ya kwanza ilikuwa inakwisha pale pale ubeti wa tatu unapokwisha. Hakuwahi kuona vikipishana.

Nilitaka kumkumbatia. "Imba, shangazi."

Akaimba. Ilikuwa mchana, jiwe kubwa nyuma ya nyumba linatema joto, na binamu akaacha kufua ili asikilize. Nilikuwa nachapa mimi ili levo isikatike, nasogeza namba, anarudia, nasogeza tena, mpaka neno la mwisho la levo likagusa chini pamoja na neno la mwisho la ubeti. Nikamsogezea kibodi. Akauchukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu yake kama mtu anayemweka mtoto kitini.

Akapita levo. Kwa shida, kidole kimoja cha kulia kikifanya kazi ya vinne, lakini akapita. Binamu akapiga vigelegele.

Shangazi hakufurahi. Alikuwa ameikazia macho skrini.

"Umeipunguza."

"Haki ya Mungu sijaipunguza. Nimefuata wimbo wako."

"Wimbo wangu," alisema.

Kisha akamwambia binti yake, "Lete simu. Ile rekodi ya kwaya, ya Pasaka."

Binamu aliniangalia. Sote wawili tulielewa kwa wakati mmoja. Ile rekodi ilikuwepo kwenye simu muda wote, ya kabla ya ugonjwa, na sauti ya shangazi ikiwa mbele ya wenzake.

"Mama, ya nini sasa? Umeshapita."

"Lete."

Kwaya ikaimba. Sitasahau uso wake alipoisikia sauti yake inakimbia. Alijaribu kuifuata kwa midomo, ikamwacha njiani kwenye ubeti wa kwanza. Mpaka mchana ule hatukuwa tumejua kwamba anaimba taratibu. Tulizoea uzungumzaji wake mpya, tukauona ndio wake, na yeye kwa ndani alikuwa akijisikia anaimba kama zamani.

"Pima kwa huu," alisema.

Ningeweza kudanganya. Nimelifikiria jambo hili kuliko jambo lolote maishani mwangu. Ningeweza kupandisha namba kidogo tu, nusu ya njia, nikasema ndiyo hii, na labda angeamini, na labda angecheza kila siku, na nani ajuaye vidole vingefika wapi. Sikudanganya, na sitasema ni kwa sababu ya ukweli au kwa kumheshimu. Nilitaka kujua. Baada ya majuma yote yale, nilikuwa nimepata kipimo kisichobadilika, na mikono yangu ilikuwa tayari juu ya namba.

Nilipima mara kadhaa. Ikakaa sawa kabisa.

Maneno yakashuka. Akashika la kwanza. La pili lilimpita akiwa katikati yake. La tatu hakulijaribu. Alitoa mikono kwenye kibodi akaanza kuyasoma kwa sauti kadiri yanavyoanguka, akawa nyuma yao, anasoma neno ambalo limeshafika chini. Ule mlio mrefu ukalia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Umeipata."

Nami nilifurahi. Kwa muda usiotosha hata kuvuta pumzi, nilifurahi kwamba namba ilikuwa sahihi. Sijui mtu afanye nini na furaha ya namna hiyo.

"Shangazi, tuirudishe ile ya kwanza, ya mazoezi tu. Kidogo kidogo."

"Ile si ya kwangu."

Akamgeukia binti yake. "Mpigie mama mwenye fremu."

Binamu alitoka nje ili asilie mbele yake. Tulimsikia kupitia dirishani akisalimia, shikamoo mama, hajambo, anaendelea, halafu akasema ndiyo, ampe huyo mwingine. Shangazi alikuwa ameegemea mto, macho amefumba. Kwenye skrini programu ilikuwa inaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Nikabonyeza ndiyo.