Siku Kumi na Saba za Kijani

Shangazi yangu alilisoma ziwa kabla yangu. Kwa miaka mingi ofisi yetu ilimlipa aende ufukweni kila asubuhi na kila jioni, kwenye ukuta wa zamani uliochorwa rula kwa rangi, atazame maji yamefika mstari upi, aandike. Kazi hiyo haikutaka diploma, ilitaka macho na miguu, na vyote alikuwa navyo. Kwa kazi hiyo alinilea na kunisomesha, mpaka nikarudi na shahada ya kompyuta nikamnyang'anya.

Nasema nilimnyang'anya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa yeye alicheka na kunibariki. Ofisi ilinunua kipima-maji, kisanduku kigumu kilichofungwa kwenye ukuta uleule, waya wake ukishuka majini, na kila saa kilituma kimo cha ziwa kwa mtandao wa simu. Upande wangu ulikuwa seva. Niliipangia kazi za kufanya yenyewe: kila saa ipokee kipimo, kila siku itoe wastani, kila alfajiri itume taarifa ya ziwa kwa wakuu na kwa redio. Zote nilizisimamia kwenye ukurasa mmoja wa mtandao, ambao niliweza kuufungua hata kwa simu nikiwa kitandani kwangu Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura. Kila kazi ilikuwa na mstari wake, saa iliyofanyika mara ya mwisho, na kidoa pembeni. Kijani, imefanyika. Nyekundu, imeshindwa.

Siku tulipofunga kisanduku, shangazi alisimama pembeni amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa heshima ya mashine. Akaniambia, "Weka juu zaidi, mama. Hii ziwa haina adabu." Nilimjibu kwamba waya haufiki. Ungefika kama ningerudi mjini kuchukua mwingine, lakini jua lilikuwa kali na mimi si mvumilivu.

Sasa umeme wetu kila mtu anaujua. Ukikatika, mnara wa simu unazima, kipimo hakifiki, kidoa kinakuwa chekundu, na ujumbe unamwendea mkuu wangu. Mkuu anaishi mtaa wa Kiriri, juu kabisa mlimani, na akiwa barazani kwake ziwa lote analiona kama sahani ya buluu. Jumapili moja alinipigia mara nne nikiwa kwenye misa. "Sitaki kuona nyekundu," alisema. "Wakubwa wanaangalia ule ukurasa. Tafuta dawa." Dawa nikaitafuta. Niliandika mistari minne: kama kipimo hakikufika, chukua cha saa iliyopita, endelea, weka kijani. Nilikuwa nafikiria pengo la saa moja au mbili, basi. Kikomo sikuweka. Mkuu alinisifu mbele ya wenzangu, na nilitembea wiki nzima nimevimba kichwa.

Msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, mafuta ya magari yalikosekana mjini, tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Kwangu haikuwa shida. Nilikaa mezani na chai yangu nikiangalia vidoa. Shangazi naye, ambaye hakuna aliyekuwa akimlipa tena, aliendelea kwenda ukutani kila asubuhi kwa mazoea, kisha ananipigia.

"Machine yako inasema je?"

Namtajia namba, naye ananitajia yake. Kwa kawaida zilikuwa sawa, na alicheka kwa furaha kama mtu aliyefaulu mtihani. Ulikuwa mchezo wetu, nami niliupenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Asubuhi moja alisema yake imepita yangu kwa vidole viwili. Nikamwambia ni mawimbi. Kesho yake vidole vitatu.

"Tantine, badilisha miwani," nilimwambia shangazi.

"Sijui, mama. Mi niko naona vile niko naona."

"Machine haivai miwani."

Hilo nililisema kwa utani, na lilinifurahisha. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema wahenga. Mimi nilimwambia mwenye macho aache kutazama, na akanisikia. Baada ya siku chache hakutaja tena namba yake. Aliuliza yangu tu, akasema, "Basi ni vizuri." Namba yangu ilikuwa ileile ya jana. Niliisoma kila asubuhi bila kushtuka, kwa sababu kidoa kilikuwa kijani, na macho yangu mimi yalikuwa yamezoea kutazama kidoa.

Kulikuwa na maneno mjini, ni kweli. Wenye vibanda vya samaki ufukweni walikuwa wakisema maji yanapanda. Lakini redio iliwasomea taarifa ya ziwa kila asubuhi, ziwa limetulia, na taarifa hiyo niliitengeneza mimi. Wengine walihamisha vibanda vyao wakilalamika, wengine wakasubiri.

Kisha shangazi akaniuliza swali ambalo lingetosha kuniamsha.

"Mutu akianzaka kuona vitu vyenye haviko, ugonjwa inaanzia wapi?"

"Vitu gani?"

"Vitu tu."

Nilikuwa naandika ripoti huku nikiongea. Nikamwambia inaanzia kwenye uzee, nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema kina mama wa kikundi chake cha sala wamemwombea macho, na kwamba siku hizi anafunga geti lake mapema ili watu wasimzoee. Sikumwelewa, na sikuuliza. Anakaa peke yake upande wa chini wa mtaa wa Kinindo, karibu na ziwa, kwenye kinyumba cha zamani nyuma ya majumba makubwa. Jumba la kushoto wapangaji wageni walikuwa wameondoka, la kulia lilikuwa bado linajengwa na mafundi hawaji kwa sababu ya mafuta. Hakukuwa na jirani wa kuchungulia. Baada ya hapo simu yake ikanyamaza siku mbili. Nikikumbuka nilivyojisikia, naona aibu: nilipumua. Nilisema afadhali, leo nitafanya kazi bila kukatizwa.

Siku ya kumi na saba, saa nne asubuhi, nilikuwa natayarisha mchoro wa ziwa wa mwezi ule. Upande wa kushoto mstari wa ziwa ulikuwa ukipanda na kushuka kidogo kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Halafu, mahali fulani, ukanyooka. Ukanyooka hadi mwisho wa karatasi. Nilikaa nikiutazama, mchana kweupe, kuku wa jirani wakipiga kelele dirishani. Ziwa halikai hivyo. Hata siku ambayo hakuna upepo linacheza. Kitu kinachokaa hivyo ni maiti.

Nilifungua kumbukumbu za kazi ile ya kila saa. Ukurasa mzima ulikuwa sentensi moja, niliyoiandika mwenyewe: *Hakuna kipimo, nimetumia cha mwisho.* Nikashuka, sentensi ileile. Nikashuka tena. Zaidi ya mara mia nne, saa baada ya saa kwa siku kumi na saba, seva ilikuwa imeniambia ukweli kwa maneno yangu mwenyewe mahali ambapo sikuwahi kutazama, huku ikiniwekea kijani mahali nilipotazama. Na namba ya mwisho, ile niliyomtajia shangazi kila asubuhi, nilikuwa naijua kutoka mahali pengine. Kilikuwa ndicho kimo cha mahali tulipofunga kisanduku. Maji yalifika kwenye kisanduku, yakakigusa, kikafa. Tangu hapo ziwa lilikuwa linaendelea kupanda juu yake, bila mtu wa kuandika.

Niliifuta ile mistari minne. Vidoa vyote vikawa vyekundu kwa mpigo. Simu ikaanza kuita, mkuu wangu, nikaiacha iite. Nilimpigia shangazi, haikupatikana. Nikavaa viatu.

Usafiri haukuwepo, nikatembea. Kutoka Cibitoke hadi kule ni kuikata Bujumbura yote, na niliikata karibu mbio, nikijitukana kwa sauti, watu wakinipisha. Jua lilikuwa linawaka. Hakukuwa na tone la mvua, na hilo ndilo lililonitisha nilipoingia mtaa wake: barabara kavu, kavu, kisha mbele kidogo kitu kinang'aa. Maji hayakuwa yakitiririka wala kutoa sauti. Yalikuwa safi kabisa, yamelala tu kuanzia katikati ya barabara na kuingia chini ya geti lake, kama yaliyokuwepo siku zote.

Nilisukuma geti, likafunguka pole pole kwa uzito wa maji. Uani kulikuwa na anga na mawingu, na ndala za shangazi zikielea mlangoni, mbili, zikitazama ndani. Nilipandisha kitenge changu hadi magotini nikapita. Nilipita kando ya mbogamboga zake zilizosimama chini ya maji, kijani kibichi, hata hazijanyauka. Niliita. Akaitikia kwa sauti yake ya kila siku.

"Karibu, mama. Ingia."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amesuka nywele vizuri, miguu yake iko majini mpaka juu ya vifundo. Mezani, mbabula, jiko lake la makaa, ilikuwa na moto na birika juu yake. Aliponiona alisimama, akaja kunikumbatia, na alitembea kama mtu anayetembea kwenye sakafu kavu. Hakuinua mguu wala hakushika nguo. Kitenge chake kililowa hadi karibu na magoti, kikimfuata nyuma, na uso wake ulikuwa unatabasamu.

"Kaa. Nikupe chai. Ulikuja na miguu mpaka huku?"

Alinivutia kiti, maji yakatoa sauti, na kope zake zikatetemeka kidogo tu. Kisamaki kidogo kama kidole kilipita kati yetu kikaingia chini ya kabati. Nilikiona, nikamwona yeye akikifuata kwa macho kisha akageuza macho haraka, ukutani, kama mtu aliyekamatwa. Hapo ndipo nilipoelewa anachofanya. Alikuwa ananificha kwamba anayaona maji. Kwa siku zote zile alikuwa analala juu ya maji, anapika juu ya maji, na kujizuia mbele ya kila mtu asionekane kuyaona, kwa sababu mtoto aliyemsomesha alikuwa amemwambia hayapo.

Sikukaa. Nilisimama tu pale mlangoni. Alimimina chai, akanigeukia anipe kikombe. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yangu. Nilikuwa bado nimeshika kitenge, nimekipandisha magotini.

Akaweka kikombe chini.

"Juu ya nini umepandisha nguo?" aliuliza polepole.

"Kwa sababu ya maji, tantine."

"Maji gani?"

"Haya. Yamejaa nyumba nzima."

"Hii maji, na we unaiona?"

"Ninaiona. Ni machine iliyokuwa mbaya. Ni mimi. Macho yako hayana shida."

"Apana," alisema, "usinihurumie. Iko wapi? Nionyeshe fasi inafika."

Niliinama nikaweka kidole kwenye mguu wa meza, pale maji yalipoishia. Aliinama naye, akaweka kidole chake. Vilikuwa mahali pamoja. Alivitazama vidole vile viwili kwa muda mrefu, kisha akakaa chini palepale, maji yakamfika kiunoni, akalia kama sijawahi kumsikia mtu mzima akilia. Nilikaa naye chini. Nilimwomba msamaha. Alikamata mkono wangu akaupiga juu ya maji, mara moja, yakaturukia usoni.

"Sema tena," aliniambia. "Hii ni nini?"

"Ni maji, tantine."

"Tena."

Nilisema. Nilisema mara nyingi, na kila mara alinitazama mdomoni. Nyumba ilikuwa ya kuhamwa siku hiyohiyo, kulikuwa na godoro la kuokoa, na magunia ya mchele na maharage, na picha za wazazi wangu ukutani, na jua lilikuwa linasogea. Hatukutoa kitu hata kimoja mpaka aliporidhika.