Mbishi Anajiandikisha

Kwao walimwita Mbishi, na jina halikuwa la kusingiziwa. Tangu utotoni, ukimwambia jua limekuchwa, atatoka nje kwanza ahakikishe. Lakini ubishi wake wote uliishia mlangoni kwa kaka yake mkubwa, yule ambaye ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao alichokaa asikiongoze, hata kiwe cha watu watatu wanaosubiri chai ichemke. Baba yao alipofariki, ndiye aliyemlea. Akamwandikisha shule, akamwandikisha chuo cha ukarani, akamwandikisha hata kwenye kikundi cha uimbaji, yeye ambaye sauti yake inafaa kufukuzia ndege shambani. Mbishi alikwenda kote huko, kwa sababu mlezi hapingwi.

Ukarani ukampeleka hospitali, kwenye chumba cha eksirei. Kazi yake ilikuwa kuita wagonjwa, kuwakumbusha wavue mikufu na kufunga ule mlango mzito. Miaka ikapita akiona picha za mifupa zikining'inizwa mbele ya taa, na swali moja likamkaa kooni kama mwiba wa samaki: ni mwanga gani huo unaopita kwenye nyama, ukifika kwenye mfupa unagoma? Kila mtaalamu aliyemuuliza alimjibu, "Ah, hayo ni mambo ya fizikia," kama mtu anayemfungia mgeni dirisha usoni. Haya, akaapa ataingia humo humo. Akarudia mitihani ya sekondari akiwa na watoto wawili na mvi zimeanza kuchungulia, na chuo kikuu kikampokea.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, Mwenyekiti alifuatana naye, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Ukumbi ulijaa watu, feni ya darini ikizunguka kwa kusuasua. Mbishi akaketi kwenye kompyuta isiyokuwa na mtu, akaingiza namba yake ya usajili. Kioo kikamwonyesha masomo matatu ambayo hakuyachagua: Usimamizi wa Ofisi, Utunzaji wa Kumbukumbu na Mawasiliano Kazini.

"Kuna kosa hapa," akasema.

"Hakuna kosa." Mwenyekiti alikuwa anatabasamu kabisa. "Barua yako ya chuo, yenye namba yako, si ilipitia kwangu? Nimeshakuandikisha, mdogo wangu. Nilijua utababaika na haya mambo ya kompyuta."

Hasira zikampanda Mbishi mpaka masikio yakawaka moto. Kama kaka angekuwa mtu mbaya, angemtukana yakaisha. Lakini huyu alikuwa amefanya kwa mapenzi, tena anangoja kushukuriwa.

Akainuka, akaenda kwenye meza ya mshauri wa masomo, mama wa makamo aliyevalia miwani kwenye ncha ya pua. Mwenyekiti akamfuata nyuma, na kiti cha kwanza akakikalia yeye.

"Anataka kusoma nini huyu?" mshauri akamuuliza Mwenyekiti.

"Mimi mwenyewe niko hapa, mama," Mbishi akasema, bado amesimama. "Niulize mimi. Nataka fizikia."

Mshauri akaomba namba yake, akasoma kioo, kisha akamtazama juu ya miwani. "Basi ufute kwanza haya matatu. Na ukishayafuta, hayarudi, yana watu wanayasubiri. Ukikosa fizikia, mwaka huu umekupita. Tena hisabati yako inachechemea. Itabidi uanze na ile ya msingi, pamoja na watoto wa juzi."

"Umesikia?" Mwenyekiti akadakia. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Huo mbacha ni wako, kaka. Mimi wangu sijawahi kuuona."

"Na ukifeli je?"

"Nikifeli, nitafeli mimi. Kule ulikoniweka, hata nikifaulu, umefaulu wewe."

Mshauri akakohoa kidogo, akamgeuzia kompyuta. Mbishi akafuta Usimamizi wa Ofisi. Akafuta Utunzaji wa Kumbukumbu. Kwenye la tatu mkono ulisita, akalifuta nalo. Kioo kikabaki kitupu, na hapo ndipo woga ulipomshika.

"Fizikia," akauliza, "kuna nafasi?"

Mshauri akacheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani. "Fizikia? Tangu niajiriwe hapa sijaiona ikijaa!"

Lakini kabla ya kumpokea, kompyuta ilidai jambo moja: sababu ya kuacha masomo ya awali. Ukarani nao ulikuwa na faida zake, maana vidole vya Mbishi havikuhangaika kutafuta herufi. Akaandika: *Sikujiandikisha. Niliandikishwa.*

Mshauri alikuwa na mazoea ya kusoma kila kitu kwa sauti, na hilo akalisoma vivyo hivyo. Foleni yote ya nyuma ikanyoosha shingo. Msichana mmoja aliyekuja na baba yake akamtupia baba jicho la pembeni.

Mwenyekiti akainama. "Umeniaibisha," akanong'ona. "Mbele za watu."

Machozi yalikuwa karibu kumtoka Mbishi, maana alimpenda kaka yake, na mkono uliomshika siku ya kwanza ya shule ulikuwa ule ule unaonyoosha sasa pindo la shati la pasi. Hata hivyo hakushusha sauti.

"Sijakuaibisha, kaka," akasema. "Umejiaibisha."

Kisha akabonyeza kitufe cha kujiandikisha.