Kansa ya Kungojewa na Nyumba ya Haraka

Kwetu ziwani, mgonjwa akirudishwa nyumbani mikono mitupu, bila hata kidonge cha kichwa, watu hawahitaji kuambiwa zaidi. Madaktari wameshindwa naye. Ndivyo nilivyoliliwa nikiwa hai, mimi fundi wa vitanda wa mtaa wa Lindi, na mpaka leo kuna watu hapa Kibera wanaonisalimia kwa sauti ya chini.

Mambo yalianza na goti. Kulikuwa na matibabu ya bure pale kanisani, nikaenda nionyeshe goti langu. Nesi akauliza umri, nikamwambia nimepita sitini, akasema basi tutoe damu tupime tezi dume. Nikamwambia, "Dada, sijaleta tezi, nimeleta goti." Akacheka, akadunga. Hilo goti hakuna aliyeliangalia hadi leo.

Damu ikasema namba iko juu. Nikatumwa hospitali, nikadungwa sindano mahali ambapo mtu mwenye wajukuu hapaswi kudungwa, na majibu yakarudi: kansa. Mke wangu, anayeuza mitumba Soko la Toi, aliketi juu ya marobota yake ya sweta akalia mpaka wateja wakaondoka. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nikiogopa huwa nakasirika, na siku hiyo niligombana na kila mtu kuanzia Toi hadi mlangoni kwangu.

Ndugu yangu mkubwa ni mwashi, anakaa Kawangware, na tangu baba afe yeye ndiye huamua. Akaamua. Akanipeleka kwa daktari anayemwamini huko mtaani kwake, mzee mmoja mpole mwenye miwani, ambaye alichora hiyo tezi kwenye karatasi na kuipiga mstari katikati.

"Hii tunatoa," akasema. "Tukishatoa, unalala usingizi."

"Na baada ya hapo?"

Akakohoa. Akasema mkojo unaweza kuvuja kwa muda, pengine muda mrefu. Na mambo ya kitandani, pengine nayo yatalala.

"Kwa umri huu unayataka ya nini?" ndugu yangu akadakia.

"Muulize shemeji yako," nikamwambia.

Basi nikauliza itakuwaje nikikaa nayo tu. Daktari akavua miwani. Akasema kuna wenzake wanaoamini kansa ndogo ya aina yangu, ile isiyo na haraka, iachwe na iangaliwe. "Sipingi," akasema. "Kitabuni ni sawa. Lakini wewe hutarudi. Watu wa mitaa hamrudi, mzee wangu. Mnajisikia vizuri, mnapotea, halafu mnaletwa mmebebwa, imeshaingia mifupani. Nimechoka kuwapokea hivyo."

Yawa! Niliondoka pale masikio yanawaka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na huzuni.

Kule hospitali iliyonidunga sindano kulikuwa na daktari mwingine, mwanamke mwenye rasta, umri wa binti yangu wa pili. Yeye hakuchora kitu. Aliniambia kansa yangu ni ndogo na ni mvivu, na wazee wengi huzeeka nayo, kisha hufa kwa kitu kingine.

"Kitu gani?"

"Bodaboda," akasema.

Nikampenda papo hapo.

Lakini hakuniachia kirahisi. Damu kila baada ya miezi kadhaa, picha akiitaka, na zile sindano za aibu tena baada ya muda. Ikianza kuamka, anaikata kabla haijafika mbali. Nikamweleza maneno ya mzee wa Kawangware nikitegemea atamcheka. Hakumcheka. "Hajakosea, baba," akasema. "Hata mimi hilo ndilo linaninyima raha. Ukipotea, yeye atakuwa alisema kweli, na mimi nitakuwa nimekuua."

"Nitarudi," nikamwambia. "Hata kama ni kumkasirisha tu yule mwingine."

Akaniambia sababu yoyote inafaa. Nikarudi Lindi mikono mitupu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jioni ile ile ndugu yangu akapiga simu nyumbani ziwani. Aliwaambia nina kansa, sikukatwa, sikupewa dawa, nimeambiwa nikae. Wazee wetu wakasikia walichosikia. Kabla wiki haijaisha, kina mama wa kanisa walinijia na vitambaa vyao vyeupe, wakaniimbia nyimbo za mbinguni mimi nikiwa nimesimama na msumeno mkononi. Walileta sukari, unga, na kuku. Nilijaribu kueleza. "Pole sana, baba," wakasema, "kubali tu mapenzi ya Mungu." Nikayakubali, nikamla kuku. Jirani yangu, fundi wa makabati, alizungukazunguka karakana yangu kwa ustaarabu mwingi, kisha akauliza, "Mzee, na hii randa... si unajua... itabaki na nani?" Nikamwambia nitazikwa nayo. Mteja mmoja wa Highrise aliyekuwa ameagiza kitanda akataka kujua kama kitakuwa tayari kabla. Kabla ya nini, hakusema. Nilikipiga kitanda kile kwa hasira tupu, na sijawahi kutengeneza kizuri kama hicho.

Sasa, kwetu mwanamume hazikwi mahali ambapo hana nyumba. Mwili lazima ulale ndani ya nyumba yake mwenyewe kabla ya kwenda chini, la sivyo umelazwa uani kama mgeni. Mimi sikuwa na nyumba kule. Nilitengeneza vitanda vya watu Nairobi miaka yote hiyo na nyumbani sina hata kibanda. Wazee wakakaa, wakakata shauri: ajengewe, upesi.

Lakini kuna jambo. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Ukimruka kaka yako umemwitia msiba, na hakuna wa kwetu atakayekushikia hata msumari. Na ndugu yangu huyu mkubwa, mwashi, mtu aliyejenga nusu ya vyumba vya kupangisha Kawangware, naye hakuwa amejenga kule nyumbani! Kila Krismasi ilikuwa "mwaka ujao". Kwa hivyo ili mimi nipate pa kufia, ilibidi yeye apate kwanza pa kuishi.

Alikuja Lindi anatokwa na jasho. "Omera, ndugu yangu, kubali ukatwe!" akanisihi. "Ukikatwa utapona, na haya mambo ya nyumba yataisha."

"Kumbe ni mimi unanihurumia au ni simenti?"

"Vyote viwili," akasema. Na hapo angalau alisema ukweli.

Sikukubali. Si kwamba sikutikisika. Kila mtu anayekupenda akikuangalia kama maiti, unaanza kujipapasa. Kuna asubuhi nilivaa viatu niende Kawangware nikamwambie yule mzee akate, yaishe, watu wanyamaze. Mke wangu akasimama mlangoni. "Utakatwa kwa sababu ya kansa," akaniuliza, "ama kwa sababu ya midomo ya watu?" Nikavua viatu.

Basi ndugu yangu akaenda nyumbani, akajenga. Yake kwanza, vyumba viwili, mabati yanayong'aa mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Kisha yangu kando yake, ndogo, mlango mmoja, dirisha moja. Akarudi Nairobi akangoja.

Mimi sikufa. Nilirudi hospitali siku ya damu, nikarudi tena, na tena. Kila nikitoka anapiga simu: "Wamesemaje?" Imelala, namwambia. "Bado?" anauliza, na unamsikia mwashi ndani yake akifikiria mabati yake. Hata sindano za aibu nilizirudia nikipiga mluzi, nikimfikiria mzee wa miwani.

Halafu msimu uliopita namba ikapanda. Si sana, lakini ilipanda. Daktari wangu wa rasta hakufanya utani wa bodaboda. Akasema tusubiri kidogo, turudie, na isiposhuka tutazungumza habari ya kukata. Siku zile sikumgombeza mtu, na mke wangu akajua ninaogopa kweli. Niliogopa kwamba nilikuwa nimeuchezea uhai wangu kwa sababu ya kiburi, na kwamba yule mzee mpole atanipokea kwa huzuni ile ile.

Siku ya kuchukua majibu, nilimkuta ndugu yangu kwenye benchi la hospitali. Hakuwa amewahi kukanyaga pale. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuhakikisha hujatoroka."

Tukakaa. Foleni haisogei. Akaikagua sakafu, akasema ilimwagwa vibaya. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Ile nyumba yako nimejaza mahindi."

"Mahindi?"

"Mpaka kwenye dari. Hakuna mahali pa kukulaza. Kwa hivyo usinifanyie ujinga."

Nilimshika goti tu, naye akaacha mkono wangu hapo. Nampenda mtu huyu, na sijawahi kumwambia kwa lugha yoyote.

Tukaitwa, tukaingia wote wawili. Daktari akageuza kompyuta, akatabasamu. Namba imeshuka, imerudi pale pale pa zamani. Kansa bado ni mvivu. Akanipangia siku nyingine, nikainuka niende, lakini ndugu yangu hakuinuka.

"Na wewe baba, una shida gani?" daktari akamuuliza.

"Goti," akasema, huku ameshakunja mkono wa shati mpaka begani.