Kalamu Kwenye Kilemba cha Bibi

Alhamisi nilikuwa Ntinda, kwenye duka la kuchapisha picha, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu walisimama dada wawili, watu wazima, waliotoka Bombo kuchukua picha kubwa ya marehemu bibi yao kwa ajili ya arobaini. Mwenye duka, Mkenya mchangamfu, akaifunua kwa mbwembwe.

"Kulikuwa na biro imechomoza kwenye kilemba," akasema. "Nimeitoa kwa kompyuta. Bure kabisa."

Dada mkubwa akaikazia macho, kisha akamgeukia mwenzake. "Huyu mama ni nani?"

Wakacheka mpaka mdogo akashika kaunta. Kumbe bibi alikuwa akiwaandikia wenye maduka wa mjini kwao vitabu vyao vya hesabu mpaka uzeeni, na kalamu haikutoka kilembani hata siku ya Idi. Wajukuu walikuwa wengi, tena wajanja, kwa hiyo kila aliyekwisha kula alitiwa na bibi alama ya vema kiganjani kwa kalamu hiyo, asirudi kwenye foleni ya chakula.

"Mimi nilikuwa nailamba ifutike," mdogo akasema. "Naye anajua. Ananipakulia tena."

Mwenye duka akairudisha kalamu kilembani kwa kompyuta. Dada mkubwa akachukua biro ya kaunta. "Sasa huyu ndiye bibi. Lete mkono." Akamtia mwenye duka alama ya vema.

Nimeshika kalamu miaka mingi kwenye safu hii ya gazeti, na sijui kama imewahi kumshibisha mtu. Nikanyoosha kiganja changu, nikatiwa alama yangu. Nilipofika nje, nikailamba.