Bia Ndani ya Swichi

Kinyaa cha Nemesia Colque kilianza asubuhi, kabla hata bia haijamwagwa. Alipofika chuoni alimkuta Inge Grover, yaani mhandisi Grover, mkuu mpya wa kitengo cha kompyuta, akipanga viti na spika ndani ya chumba cha mitambo. Kwa miaka kumi na tisa Nemesia hakuwahi kuruhusu hata kikombe cha chai kivuke mlango ule. Ilikuwa Ijumaa ya ch'alla, tambiko la kuimwagia ardhi kinywaji, wiki ya kanivali, na mji mzima wa Oruro ulikuwa ukibariki ofisi zake, maduka yake na magari yake. Hilo halikumsumbua. Yeye mwenyewe kila mwaka hunyunyiza matone ya spiriti kwenye pembe nne za sakafu, humwomba Pachamama, Mama Ardhi, mtandao usikatike, kisha hufunga utepe wa karatasi kwenye kabati la mitambo, mbali na feni. Anayenyweshwa ni ardhi. Mashine haina kiu.

Sasa huyo Grover. Ana vyeti vitatu vya mitandao, amevitundika ukutani kwa fremu za rangi ya dhahabu, na vyote amevipata kwa kukariri majibu yaliyovuja. Wala hafichi. Mwezi wake wa kwanza kazini alimtumia Nemesia majibu hayo kwenye simu, maswali mia nne na herufi zake, akamwambia asijitese na vitabu. Yeye mwenyewe, alisema, alikariri A, C, C, D, maswali yenyewe hata hakuyasoma. Nemesia alisoma ukurasa mmoja, akafuta faili lote. Alijisikia kama aliyeshika kitambaa cha vyombo kilicholala majini siku tatu.

Na cheti alikihitaji kweli. Chuo kilikuwa kimepitisha kanuni kwamba kuanzia Machi funguo za chumba cha mitambo atashika mwenye cheti tu. Mtandao ule ameutandaza yeye, kebo kwa kebo, akitambaa juu ya dari huku mavi ya njiwa yakimwangukia kichwani, lakini nani anaweka hayo kwenye fremu? Mara ya kwanza alifeli kwa alama chache, kwa kuwa alijibu jinsi kazi inavyofanyika, si jinsi kitabu kinavyotaka. Akarudi kusoma miezi mitano, kila alfajiri kabla ya kazi. Mtihani wake wa pili, wa mwisho kabla ya Machi, ulipangwa Ijumaa hiyohiyo saa tisa alasiri, katika ofisi ya mitihani ng'ambo ya reli.

Saa sita mchana Grover akataka picha. Alisimama mbele ya kabati, chupa mkononi, wafanyakazi wamemzunguka. Nemesia alimwomba kwa adabu amwage chini, pembeni, kama watu wote.

"Doña, bibi yangu, usiwe mchoyo," Grover akasema huku akiitazama kamera. "Na mashine nazo zisherehekee kanivali."

Akamimina nusu chupa juu ya swichi kuu, kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao. Watu wakapiga makofi. Povu likaingia kwenye matundu ya hewa, feni ikakohoa, taa za kijani zikazimika safu baada ya safu. Ghorofa ya chini wanafunzi wapya walikuwa wanasajiliwa, na haukupita muda zogo lao likasikika hadi juu.

Grover alibonyeza hiki, akabonyeza kile, kisha akatoa simu na kuanza kutafuta. Nemesia alijua anatafuta nini: herufi. Hatimaye akageuka, akamwambia doña Nemesia ndiye aliyezoea mambo haya, akashuka kuwatuliza wakubwa.

Nemesia akapiga magoti. Alipoichomoa swichi bia ikamchuruzikia mikononi, kwenye sweta, kwenye sketi, ikinuka chachu na vumbi lililoloana. Akafunga swichi ya akiba, ya zamani, akahamisha kebo moja moja, zote zinanata. Saa nane na nusu mtandao ukarudi. Grover alipopanda, kifua mbele kwa pongezi za mkuu wa chuo, Nemesia alimwambia mara mbili kwamba ile iliyolowa isiguswe na umeme mpaka Jumatatu, itaunguza kabati zima. Grover akamwonyesha dole gumba. Nemesia alikitazama kile kidole kinene kilichokaukiwa na povu, akachukua mkoba wake akatoka.

Teksi hazikupatikana. Alikimbia katikati ya bendi za tarumbeta, akafika zikiwa zimebaki dakika kumi. Msichana wa mapokezi alinusa mara moja tu.

"Mama, umekunywa."

"Sijaonja hata tone. Nimetoka kutengeneza mashine iliyomwagiwa."

"Leo kila mtu ana hadithi yake, mama. Mlevi haingii. Nenda kapumzike."

Nemesia akataka ampulizie pumzi usoni. Msichana akarudi nyuma na kiti chake. Kupitia kioo, Nemesia aliiona kompyuta inayomsubiri, imeshawashwa. Vijana wawili wa kitengo cha Grover wakapita kando yake wakaingia, wamenyoa, wananukia marashi, herufi mia nne kichwani. Hakubishana. Aliomba akatazwe kwa maandishi. Msichana akachapa, akagonga muhuri wa buluu: Nemesia Colque Quispe hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mitandao kwa sababu ya ulevi.

Alikaa kwenye ngazi za nje, akainusa mikono yake, akaiweka mbali na uso. Simu ikalia. Alikuwa Grover, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. Alikuwa ameirudisha ile swichi iliyolowa, kwa vile ndiyo mpya na mkuu wa chuo alikuwa anakuja kuangalia. Sasa kabati lote limezima, linatoa moshi, usajili umesimama. Akamwambia achukue teksi upesi, chuo kitalipa.

Nemesia aliisoma ile karatasi tena, taratibu, hadi kwenye muhuri.

"Siwezi kuja, inge," akasema. "Nimelewa."

"Doña, acha utani. Wewe hunywi."

"Nimelewa, inge. Na cheti ninacho."