Chemchemi ya ukutani

Leo nimepewa kikombe cha maji, nikaogopa kuliko ninavyoogopa kufa.

Zamani mimi ndiye injinia niliyeliandikisha bwawa la starehe, hapa juu ya Butembo, kuwa ni la hatari ndogo likibomoka. Chini yake kulikuwa na mashamba ya maharagi tu, hakuna watu.

Sasa wanalala hapo wakimbizi kutoka Eringeti. Nimepanda pikipiki, na ugonjwa wangu huu unaoniua, niwaambie wahame.

"Muzee, tulikimbia panga. Sasa tukimbie tena maji ya kuogelea?" Mama mmoja akacheka.

Akanikingia kikombe kwenye ukuta wa bwawa, panapovuja.

"Mungu alitupatia chemchemi. Lakini tangu jana inatoka na udongo."

Udongo huo ni ukuta unaoliwa na maji kwa ndani; unakaribia kubomoka.

Nimewaeleza. Hakuna aliyecheka tena.

"Tuende wapi, muzee?"

Ninyi mnaonisoma, mnalo jibu? Mvua imeanza.